Kutoka "Mwisho" hadi rafu ya duka: mwongozo kwa anayetaka kutoa kitabu chake cha kwanza cha Kiswahili

Mswada wa mwandishi mgeni una dalili zake. Ukurasa wa kwanza jogoo anawika na jua linachomoza. Ukurasa wa tatu tunapewa ukoo mzima wa mhusika mkuu hadi kwa babu mzaa babu. Tajiri mbaya anaitwa Bwana Tamaa. Mwisho kila mtu anapata alichostahili, na msimulizi anatukumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwenye mswada huo mara nyingi ameshapita kiwandani kuulizia bei ya kuchapa nakala elfu moja.

Mwongozo huu unaanzia hapo hapo. Kati ya siku unapoandika neno "Mwisho" na siku karatasi inapoingia mashineni kuna kazi ambayo wengi huiruka, nayo ndiyo kazi yenyewe ya uandishi. Nitazungumzia zaidi hadithi na riwaya, na zaidi Tanzania na Kenya, maana huko ndiko kwenye wachapishaji wengi wa vitabu vya Kiswahili na wanunuzi wake.

1. Soma kama fundi

Wengi wetu tulisoma fasihi kwa ajili ya mtihani, tukaambiwa tutafute dhamira, maudhui na mafunzo. Zoezi hilo lina manufaa yake darasani. Linamharibu mtunzi pale anapoketi kuandika huku akijiuliza "nitafundisha nini?" kabla hajajua nani anataka nini na nani anamzuia.

Chukua riwaya uliyoipenda uisome tena ukiwa na penseli. Mwandishi ameingiaje kwenye tukio? Amekueleza sura ya mhusika, au amekuacha uione kwa namna anavyojibu watu? Sura imekatika wapi, na kwa nini uliendelea na inayofuata badala ya kuzima taa? Fanya hivyo kwa vitabu vya aina mbalimbali: riwaya nzito za Unguja, za upelelezi zilizopita mkono kwa mkono mitaani miaka ya 1970 na 1980, hadithi fupi za waandishi wa Kenya wa leo, mashairi ya kimapokeo hata kama hutaki kuwa malenga. Anayesoma kazi za mtaa mmoja tu huandika sauti ya mtaa huo bila kujua.

Uwe na kamusi mbili karibu. Ile ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ya mwaka 1981 na ile kuu ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) hazikubaliani kila mahali, na pale zinapotofautiana ndipo utajifunza kuamua mwenyewe.

2. Andika kifupi, umalize

Usianze na riwaya ya kurasa mia nne. Anza na hadithi ya maneno 1,500 hadi 3,000 yenye watu wawili au watatu, mahali pamoja, na jambo moja linaloharibika. Imalize. Kisha andika nyingine. Kumaliza ni ujuzi unaojitegemea, na wapo watu wenye kipawa kikubwa ambao hawajawahi kuupata kwa sababu kila wafikapo katikati wanaanza wazo jipya.

Kuhusu muda sitakupa kanuni. Wapo wanaoandika alfajiri kabla ya daladala, wapo wanaoandika usiku watoto wakilala. Muhimu ni muda huo ujulikane na watu wa nyumbani, la sivyo utatumwa dukani kila ukifungua daftari. Simu pia inaandika vizuri tu, ila fanya mambo mawili mapema: zima usahihishaji wa kujiendesha kabla haujageuza maneno yako kuwa ya Kiingereza, na kila ukimaliza jitumie nakala kwa barua pepe. Simu huibwa, na mswada huondoka nayo.

Washairi wana njia yao ya mazoezi iliyo tayari. Magazeti ya Kiswahili yamekuwa na safu za ushairi kwa miaka mingi, Taifa Leo likiwa mfano mmoja, na wahariri wake ni wakali wa vina na mizani. Ukituma tarbia (shairi la mishororo minne kila ubeti) yenye mshororo mmoja wa mizani, yaani silabi, kumi na tano badala ya kumi na sita, haitatoka. Hiyo ni shule ya bure.

Shule nyingine ya bure ni hadithi za mfululizo za Facebook na makundi ya WhatsApp. Zamani kazi hiyo ilifanywa na magazeti, sehemu kwa sehemu kila wiki, msomaji akisubiri. Leo mwandishi anatuma sehemu ya kwanza hadi ya tano bure, kisha anayetaka kuendelea analipia kwa simu na kuingizwa kundini. Wapo waliojipatia wasomaji wengi kuliko kitabu chochote cha dukani kingewapa. Wasomi wengine huzibeza kazi hizi. Mimi naona wanakosea, kwa sababu hakuna mahali pengine ambapo msomaji anakwambia saa hiyo hiyo kwamba amechoka. Ila fahamu upungufu wake. Anayeandika leo kinachotoka leo hawezi kurudi sura ya pili kurekebisha, kwa hiyo mambo huanza kuongezwa ili tu hadithi iendelee: mapacha waliopotezana, ajali, mganga, usahaulifu wa ghafla. Ukitaka kuifanya kazi hiyo kitabu, usinakili sehemu zote na kuzibandika pamoja. Iandike upya.

3. Andika upya: hapa ndipo pa kukaa

Ukimaliza rasimu ya kwanza, iweke kando kwa wiki kadhaa. Ukirudi, ichapishe kwenye karatasi kama unaweza na uisome kwa sauti. Kiswahili ni lugha ya sikio. Sentensi mbovu hujificha machoni lakini mdomoni hukwama.

Kitu cha kwanza cha kuangalia ni mwanzo. Mara nyingi hadithi huanza kweli ukurasa wa nne au wa tano, pale mtu anapobisha hodi au barua inapofunguliwa. Kurasa za kabla yake ulizihitaji wewe ili umjue mhusika, msomaji hazihitaji. Zikate. Kama kuna habari ndani yake isiyokwepeka, itapata nafasi baadaye katika mazungumzo.

Cha pili ni sentensi zilizotambaa. Tazama hii, ya aina inayojirudia kila mswada:

"Yeye alikuwa ni mwanamke ambaye alikuwa na uzuri ambao ulikuwa unawavutia watu wengi sana."

Maneno kumi na manne, na hatujamwona. Jaribu:

"Akipita Mtaa wa Congo, wauza mitumba walisahau bei."

Sasa tuko Kariakoo, tunamwona, na hatujaambiwa kwamba ni mzuri. Pita mswada mzima ukizungushia duara kila "ambaye", "ambao", "alikuwa ni" na "yeye". Lugha yetu ina njia fupi: aliyekuja, waliomwona, asemaye. Na ina ile -ka- ya masimulizi, ambayo kwa mtunzi ni mali ya urithi: akainuka, akafunga mlango, akarudi kuketi. Waandishi waliosomea sana Kiingereza huisahau na kurundika "alifanya, kisha alifanya, halafu alifanya".

Cha tatu, mazungumzo. Mama wa kijijini nje ya Muheza hamwambii binti yake, "Mwanangu, unapaswa kuelewa kwamba elimu ni ufunguo wa maisha." Anamwambia, "Ada yako nimelipa kwa maandazi. Ukifeli, utakuja kuyakaanga wewe." Kila mhusika awe na namna yake. Konda, shehe, muuguzi na mwanafunzi wa chuo hawasemi kwa sauti moja, na kama ukifunika majina bado hujui nani anasema, kazi haijaisha. Kiswahili sanifu kiwe cha msimulizi. Wahusika waachie lahaja yao, utani wao, hata Kiingereza chao kibovu panapohitajika. Tahadhari moja tu: usimpe mtu wa Pemba maneno ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, kwa kuwa yote yanasikika "ya pwani". Wenyewe watakucheka.

Methali tumia kwa kipimo. Mhusika mzee anaweza kutupa moja ikamfaa. Msimulizi anayefunga kila sura kwa methali anamwambia msomaji kwamba hamwamini kuelewa. Mwisho nao ni hivyo hivyo: mwovu si lazima afe kwa ajali ya gari.

Halafu kuna usafi wa maandishi, ambao ni jambo dogo lakini humkatisha mhariri tamaa ukurasa wa kwanza. Viambishi haviachanishwi na kitenzi: ni "anakwenda", si "ana kwenda", ni "nilipofika", si "nilipo fika". "Kwa sababu" ni maneno mawili, na vivyo hivyo "kwa hiyo". "Ng'ombe" ina king'ong'o, "ngoma" haina. Angalia r na l, dh na z, na h inayodondoka mwanzoni mwa maneno. Kila mmoja ana kosa lake la nyumbani, na ukishalijua la kwako utalitafuta kwa kompyuta faili nzima.

Rasimu ngapi zinatosha? Ukiona unabadilisha neno kisha kesho yake unalirudisha, umefika mwisho wa uwezo wako wa peke yako. Hapo tafuta macho mengine.

4. Wape watu watatu, kisha mhariri

Usimpe mswada mama yako wala mchumba wako, labda kwa furaha tu. Tafuta msomaji anayesoma riwaya kwa mazoea. Tafuta mwingine anayelijua jambo ulilolisimulia: kama kuna hospitali, mpe muuguzi, kama kuna bahari, mpe nahodha au mvuvi, atakwambia ngalawa haigeuzwi hivyo. Wa tatu awe mtu asiyekuonea haya. Usiwaulize "umeionaje?", watasema nzuri. Uliza: ulichoka ukurasa gani? Nani hukumwamini? Ulidhani nini kitatokea? Wawili wakikwama mahali pamoja, hapo pana tatizo hata kama maelezo yao hayafanani.

Mhariri ni kitu kingine. Kuna anayeangalia mwenendo wa hadithi nzima, na kuna anayesafisha lugha mstari kwa mstari. Walimu wengi wa Kiswahili ni wazuri kwa kazi ya pili na si lazima wawe wazuri kwa ya kwanza. Kampuni ya uchapishaji ikikuchukua itakupa mhariri wake. Ukijichapishia, mlipe wako, na kubali kwamba hii si gharama ya kupunguza.

5. Chagua mlango kabla ya kubisha

Milango iko mitatu, na kila mmoja una desturi zake.

Wa kwanza ni kampuni ya uchapishaji. Hii ndiyo inayoweka fedha zake kwenye uhariri, jalada, uchapaji na usambazaji, na kukulipa mrabaha, yaani asilimia yako ya mauzo. Dar es Salaam wapo Mkuki na Nyota, iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991, pamoja na E&D Vision na wengine; Nairobi wapo East African Educational Publishers, Longhorn, Oxford na Moran, kwa kutaja wachache. Kabla ya kutuma, ingia dukani uangalie wanachotoa. Kampuni inayoishi kwa vitabu vya shule haitachukua riwaya ya mapenzi ya watu wazima hata ikiwa tamu vipi, na kukataliwa huko hakuhusiani na uwezo wako.

Na ukweli wa soko usikushangaze: shule ndizo wanunuzi wakubwa. Tanzania, vitabu vya kiada viko mikononi mwa Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), na wachapishaji binafsi hushindania vitabu vya ziada, ambavyo navyo hupitiwa kabla ya kupewa ithibati. Kenya, taasisi ya mitaala, KICD, hutangaza inahitaji nini na wachapishaji ndio wanaowasilisha. Mwandishi mmoja mmoja hapiti hapo peke yake. Kwa hiyo ukiandika hadithi ya watoto au tamthiliya inayoweza kuingia darasani, mchapishaji atakuangalia kwa jicho jingine. Siyo dhambi kulifikiria hilo. Dhambi ni kuandika kitabu kibaya chenye mafunzo mengi kwa kudhani shule zitakubali chochote.

Mlango wa pili ni tuzo, nao sasa uko wazi kuliko ulivyowahi kuwa. Tuzo ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, leo Safal-Cornell, hupokea miswada ya riwaya na ya ushairi ambayo haijachapishwa, na kazi kadhaa zilizoshinda zimetoka kuwa vitabu. Tanzania kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na TET na kutolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, ambapo mshindi wa kwanza hupata Sh milioni 10. Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Chama cha Wachapishaji cha Kenya ni tofauti: hiyo ni ya vitabu vilivyokwisha kuchapishwa, na ina nafasi ya Kiswahili.

Ukishiriki, soma masharti kama unavyosoma karatasi ya mtihani. Miswada huondolewa kwa mambo madogo: jina la mwandishi limeachwa ndani ya faili inayotakiwa isiwe na jina, maneno hayajafika idadi, au kazi imeshawekwa mtandaoni yote wakati sharti linakataza. Hili la mwisho liwaguse hasa watu wa WhatsApp.

Mlango wa tatu ni kujichapishia, na nitaurudia chini.

6. Kutuma mswada

Usitume riwaya nzima bila kuulizwa. Tuma barua fupi, muhtasari wa ukurasa mmoja au miwili unaosimulia hadithi hadi mwisho (usimfiche mhariri nani aliua, yeye si mteja), na sura tatu za mwanzo. Herufi za ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, namba za kurasa, jina na simu yako ukurasa wa kwanza. Hakuna picha, hakuna jalada ulilobuniwa na rafiki, hakuna rangi.

Barua iwe na mistari michache tu:

"Ndugu Mhariri, naambatisha sura tatu za riwaya yangu yenye maneno 62,000. Inamhusu karani wa bandari ya Tanga anayegundua kwamba sahihi yake imetumika kutoa makontena ambayo hakuwahi kuyaona. Nimeiandika kwa ajili ya wasomaji wa riwaya za upelelezi. Hadithi zangu mbili zimewahi kutoka magazetini. Mswada kamili upo tayari. Natanguliza shukrani."

Basi. Usieleze kwamba umeandika kwa msukumo wa Mungu, au kwamba jamii nzima inakisubiri kitabu hiki. Wahariri wameyasoma hayo.

Kisha subiri. Miezi mitatu hadi sita si ajabu, na kampuni nyingine hazijibu kabisa. Baada ya miezi mitatu unaweza kuandika kwa adabu kuuliza. Unaweza kupeleka kwa kampuni zaidi ya moja ikiwa hazikukataza, mradi uwaarifu wengine mara mmoja akikubali. Katikati ya kusubiri, andika kitu kingine. Mwenye mswada mmoja tu duniani hupiga simu kila Jumatatu, na simu hizo hazimsaidii.

Je, wataiba wazo? Hofu hii imewafanya wengi wakae na miswada kabatini hadi panya wakaisoma kwanza. Hakimiliki inazaliwa pale tu kazi inapoandikwa. Huhitaji kusajili ili iwe yako, na kwa sheria za Tanzania na Kenya inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kusajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya, kunakupa ushahidi ukifika mahakamani, kwa hiyo ni jambo la maana. Lakini wazo tupu halina hakimiliki. Kinacholindwa ni maandishi.

7. Mkataba

Ukipigiwa simu kwamba wamekubali, furahi siku moja, kisha kaa na mkataba. Mrabaha mara nyingi huwa asilimia 10 hadi 15, lakini swali la kuuliza ni asilimia ya nini. Tuchukulie kitabu kinauzwa Sh 10,000 na duka linachukua asilimia 35. Kampuni inabaki na Sh 6,500. Asilimia 10 ya bei ya rafuni ni Sh 1,000 kwako. Asilimia 10 ya mapato halisi ni Sh 650. Kwa nakala elfu moja tofauti ni Sh 350,000. Yote mawili ni halali. Ujue tu unasaini lipi.

Angalia pia unawapa haki zipi. Kuchapisha kwa Kiswahili katika karatasi ni haki moja. Kitabu pepe, kitabu cha kusikiliza, tafsiri, filamu na tamthilia ya redio ni nyingine. Si lazima uzitoe zote, na ukizitoa kila moja iwe na mgawo wake. Kiwepo kifungu kinachosema kitabu kikiisha sokoni na kampuni isipokichapa tena ndani ya muda fulani, haki zinarudi kwako. Kiwepo kifungu cha taarifa ya mauzo, walau mara moja kwa mwaka, yenye idadi ya nakala zilizochapwa na zilizouzwa. Usiuze hakimiliki yote kwa fedha ya mara moja bila kufikiri sana. Vitabu vilivyoingia mashuleni vimelisha watu kwa miaka, na wengine waliouza moja kwa moja wanaviona tu mikononi mwa wanafunzi.

Na "mchapishaji" anayekuomba wewe ulipie gharama zote, kisha anajiandikia haki zako, huyo ni mpiga chapa mwenye mkataba mbaya. Kama unalipa wewe, haki zibaki kwako.

8. Ukijichapishia

Hii si njia ya walioshindwa. Ben Mtobwa, mmoja wa waandishi waliosomwa sana Tanzania, aliendesha kampuni yake mwenyewe, Heko, na vitabu vikafika stendi za mabasi. Ila piga hesabu kwanza. Tuseme umemlipa mhariri Sh 500,000, mpanga kurasa na mchora jalada Sh 300,000, na kuchapa nakala 500 kwa Sh 4,000 kila moja ni Sh 2,000,000. Jumla Sh 2,800,000. Ukiuza kila nakala kupitia maduka na kubaki na Sh 6,500, lazima ziuzwe 431 kabla hujaona faida ya shilingi moja. Ukiuza mwenyewe kwa Sh 10,000, unarudisha mtaji nakala ya 280. Bei za kwako zitakuwa nyingine. Mpangilio wa hesabu ni huo huo, na unakuonyesha kwa nini wanaojichapishia waliofanikiwa ni wale wenye wasomaji tayari. Kusanya oda kabla ya kuchapa. Ukipata oda sitini, usichape elfu moja kwa kuwa mpiga chapa amekwambia bei kwa nakala inashuka. Inashuka, kweli, na mabox yanabaki chini ya kitanda chako.

Mambo ya kiufundi: namba ya ISBN, inayokitambulisha kitabu kimataifa, Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya na huduma ya maktaba ya taifa, KNLS. Ina tarakimu 13. Za Kenya hubeba 9966 au 9914 baada ya 978, za Tanzania 9976, 9987 au 9912. Bila hiyo duka kubwa halitakusikiliza. Ulizia hapo hapo kuhusu nakala za amana, za kuhifadhiwa maktaba, unazotakiwa kuacha. Ukubwa wa A5 ndio rahisi, na kwa mashine kubwa kurasa huchapwa kwa mafungu, mara nyingi ya 16, kwa hiyo kitabu cha kurasa 160 kinakuja sawasawa kuliko cha 163. Omba nakala moja ya kuangalia kabla ya kuruhusu zote. Makosa ya namba za kurasa huonekana hapo. Jalada lisomeke likiwa dogo kama kidole gumba kwenye simu, kwa kuwa huko ndiko watu wengi watakakoliona kwanza.

9. Kuuza

Maduka mengi yatachukua kitabu chako kwa mali kauli: unaacha nakala, unalipwa zikiuzwa. Andikishaneni. Acha tano, si hamsini, na urudi kila mwezi ukiwa na daftari la stakabadhi. Dar es Salaam anza na maduka yenye wasomaji wa hadithi, kama la TPH (Tanzania Publishing House) Mtaa wa Samora, na mahali kama Soma Book Café Mikocheni ambako watu hukutana kuzungumzia vitabu. Nairobi, maonyesho ya kimataifa ya vitabu pale Sarit Centre ni mahali pa kukutana na wachapishaji na wauzaji kwa siku chache badala ya kuzunguka mwaka mzima. Shuleni nenda kwa mwalimu wa Kiswahili kwanza, kisha mkuu wa shule. Jitolee kuzungumza na wanafunzi bila malipo, na uwe na nakala kwenye begi.

Faili ya PDF usimtumie mtu yeyote nzima, hata mwandishi wa habari anayeahidi kukuandikia. Mpe sura mbili, au nakala ya karatasi. Faili ikishaingia kundi moja la WhatsApp, jioni iko katika makundi ishirini, na hakuna atakayejua ilianzia kwa nani.

Wasomaji watakutumia makosa ya chapa waliyoyaona, wengine kwa furaha kubwa. Yaandike yote mahali pamoja. Siku ya kuchapa tena, rekebisha faili, ongeza kwenye ukurasa wa haki mwaka wa uchapaji mpya, na ISBN ibaki ile ile. Ukiwa umebadilisha sura au kuongeza sehemu, hilo ni toleo jipya na linahitaji namba yake.